Dogo, usitoe bumu lako: kwantamu inaanzia kwenye karatasi

Najua nimepotea. Majaribio ya katikati ya semista yalinibana, umeme wa hosteli nao ukawa na mambo yake, basi nikawa sina hata hamu ya kuandika. Lakini leo nimeshindwa kunyamaza. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi na nikilimeza litanisumbua.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kimbweta cha karibu na maktaba, napiga msuli wa takwimu, akaja dogo mmoja wa mwaka wa kwanza. Anasoma mambo ya kompyuta, tunatoka mkoa mmoja, huwa tunasalimiana. Akakaa, akazungukazunguka, mwisho akatoa simu. "Kaka, naomba ushauri. Kuna kozi ya kompyuta za kwantamu, wiki mbili, unapata cheti. Bumu likiingia nataka nilipie. Unaionaje?"

Nikaangalia ile picha kwenye simu yake. Ile ile. Rangi zile zile za dhahabu, maneno yale yale kwamba nafasi ni chache. Moyo ukanipiga paa!

Sasa ngojeni niwaambie kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote hapa chuoni. Mwaka jana mimi nililipia kozi kama hiyo. Laki moja na nusu, taslimu. Elfu tisini ilikuwa ya bumu, elfu sitini nilimwomba dada yangu nikamwambia ni ya kuchapisha ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Wiki tatu baada ya hapo nilikuwa naishi kwa chai na mihogo, nikiulizwa nasema nafunga. Waandaaji siwataji, wala haina maana, maana wako wengi na wote ni wale wale.

Nilifundishwa nini? Slaidi. Paka aliye ndani ya boksi, yu hai na amekufa. Picha ya mtambo wa dhahabu unaoning'inia kama taa ya ukumbi wa harusi. Na sentensi moja iliyorudiwa kila siku: "Kompyuta ya kwantamu inajaribu majibu yote kwa mara moja." Siku ya kumi na nne nikapewa cheti, nikakiweka mtandaoni, nikapongezwa mpaka na watu ambao hawajawahi kunisalimia.

Basi bwana, semista iliyofuata tukawa na semina idarani kwetu. Mwalimu aliyekuwa anaongea alisikia kuna mwanafunzi amesoma kwantamu. Akaniita mbele, kwa upole tu, akaniuliza: "Hebu tuambie, geti la Hadamard ukilitumia mara mbili mfululizo unapata nini?" Nikasimama pale. Watu kama sitini wananitazama. Nikaanza habari za paka... Mwalimu akatabasamu, akasema, "Sawa, kaa." Hakunidhalilisha. Mimi ndiye niliyejidhalilisha miezi mitatu kabla, siku niliyotuma ile hela.

Kwa hiyo hii hapa chini ni maoni yangu, ya mtu aliyechomwa. Sijawa mtaalamu, msije mkasema najifanya profesa. Ila tangu siku ile nimekaa na kalamu na karatasi karibu mwaka mzima, na msimamo wangu ni huu: mtu anayeanza kwantamu hahitaji kulipia kozi, hahitaji digrii ya fizikia, na hahitaji hata kuigusa mashine yenyewe miezi miwili ya mwanzo. Anahitaji hesabu kidogo, karatasi, na uvumilivu wa kutosha. Na hesabu yenyewe nyingine mlishaisoma mkaisahau.

Wabishi najua mpo, kwa hiyo nawaonyesha.

Lile swali la mwalimu

Chukua sarafu ya shilingi mia mbili. Irushe. Nusu kwa nusu, kichwa au mwenge, tuseme hivyo. Irushe tena. Bado nusu kwa nusu. Ukirusha mara mia, kila mara ni nusu kwa nusu. Bahati nasibu ukiichanganya na bahati nasibu unapata bahati nasibu. Hakuna mtu atakayebisha hapo.

Sasa kyubiti. Biti ya kawaida ni 0 au 1. Kyubiti moja tunaiandika kwa namba mbili: ya kwanza ni ya 0, ya pili ni ya 1. Namba hizi tuziite amplitudi. Kyubiti iliyo 0 kabisa ni (1, 0). Iliyo 1 kabisa ni (0, 1). Ukitaka kujua uwezekano wa kupata jibu fulani ukipima, unazidisha amplitudi yake kwa yenyewe. Na hapa ndipo siri yote ilipo, wajameni: amplitudi inaweza kuwa hasi. Uwezekano hauwezi kuwa hasi, hakuna kitu kinaitwa uwezekano wa hasi thelathini kwa mia wa mvua kunyesha. Ila amplitudi inaweza.

Geti la Hadamard linafanya hivi: linachukua namba mbili, a na b, linarudisha (a + b) ikigawanywa kwa kipeo cha pili cha 2, na (a − b) ikigawanywa kwa hicho hicho. Basi. Hakuna paka.

Anza na (1, 0). Ukijumlisha unapata 1, ukitoa unapata 1, gawanya kwa 1.414, unapata (0.707, 0.707). Zidisha 0.707 kwa 0.707, ni 0.5. Kwa hiyo ukipima, nusu kwa nusu. Kama sarafu.

Usipime. Tumia geti tena. 0.707 + 0.707 ni 1.414, gawanya kwa 1.414 unapata 1. 0.707 − 0.707 ni sifuri. Umerudi (1, 0). Ukipima sasa unapata 0 kwa hakika, kila mara!

Mmeona? Sarafu uliyoirusha mara mbili imerudi ilikotoka. Hilo ndilo jibu nililotakiwa kumpa mwalimu: unapata ulichoanza nacho. Na sababu yake ni ile alama ya kutoa. Njia mbili za kufika kwenye 1 zimekutana, moja chanya moja hasi, zikafutana. Kama ungepima katikati ungeharibu kila kitu, ungerudi kwenye nusu kwa nusu. Ukilielewa hili kweli kweli, ukalifanya kwa mkono wako mpaka likachosha, umeshanizidi mimi niliyekuwa na cheti.

Makabati manne

Sasa ile sentensi ya "kujaribu majibu yote kwa mara moja". Naomba tuizike rasmi. Ni kweli unaweza kuziweka kyubiti zako katika mchanganyiko wa majibu yote. Lakini ukipima, unapata jibu moja tu, la bahati nasibu. Hiyo haina tofauti na kufumba macho na kuchagua. Kazi yote iko katikati, kabla ya kupima: kupanga chanya na hasi ili majibu mabaya yafutane na zuri libaki.

Mfano. Pale maktaba kuna makabati manne ya mabegi, na begi lako liko katika moja, umesahau lipi. Kwa kawaida unafungua moja moja. Bahati mbaya ikikuandama utafungua matatu kabla ya kujua.

Lov Grover mwaka 1996, akiwa Bell Labs kule Marekani, alionyesha njia nyingine. Kyubiti mbili zinatupa namba nne, moja kwa kila kabati. Tunaanza sawasawa: (½, ½, ½, ½). Kila moja ukizidisha kwa yenyewe ni robo, jumla 1. Halafu kuna kipande cha programu ambacho kikilikuta begi kinalitambua. Hakijui liko wapi, kinajua tu kusema ndiyo au hapana. Kazi yake ni kugeuza alama ya kabati lenye begi. Tuseme ni la tatu: (½, ½, −½, ½). Ukipima sasa hivi hujapata kitu, bado ni robo robo, maana hasi ukiizidisha kwa yenyewe inakuwa chanya.

Hatua ya pili: tafuta wastani wa namba zote nne. ½ + ½ − ½ + ½ ni 1, gawanya kwa 4, unapata ¼. Sasa kila namba igeuze kuuzunguka wastani: chukua wastani mara mbili, toa namba yenyewe. Kwa wale watatu: ½ − ½ = 0. Kwa lile la tatu: ½ + ½ = 1. Umebaki na (0, 0, 1, 0). Pima. Begi liko kabati la tatu, uhakika mia kwa mia, na kipande cha programu umekiuliza mara moja tu.

Hesabu ya wastani, jamani! Ya shule ya msingi! Nilipoifanya mara ya kwanza ilikuwa saa nane usiku, niko kitandani na tochi ya simu, nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama niko sawa.

Ila tusidanganyane. Makabati yakiwa milioni moja, njia hii inahitaji hatua kama 785 badala ya wastani wa nusu milioni. Ni nafuu kubwa sana, lakini si hatua moja. Anayekwambia kompyuta ya kwantamu inafanya kila kitu papo hapo, mwombe akuonyeshe hata kabati la tano.

Basi tuanzie wapi?

Mimi ningekuwa mwaka wa kwanza tena, ningeanzia hapa, na ningejipa kama wiki kumi na mbili, saa tano au sita kwa wiki. Zaidi ya hapo mtadisko kwenye kozi zenu halafu mnilaumu mimi.

Wiki nne za kwanza ni aljebra ya vekta na matriksi, basi. Matriksi za 2 kwa 2 tulizisoma kidato cha nne. Waliopita PCM wanazo na namba changamano za kidato cha sita. Zirudieni. Mimi aljebra hii nilipata sapu mwaka wa kwanza, nikaisoma kwa desa ili nipite tu, na sasa najua kilichoniangusha kwenye ile semina hakikuwa fizikia. Masomo ya Gilbert Strang wa MIT yako mtandaoni bure, yote, pamoja na mazoezi. Na zile video za 3Blue1Brown za aljebra zinakuonyesha matriksi ikisukuma mishale, ukishaona hivyo huwezi kusahau. Chota bando la usiku, pakua, wekeni kwenye flashi mgawane.

Wiki mbili zinazofuata ni kyubiti moja. Geti la X, la Z, la Hadamard. Yote kwa mkono. Andika (a, b), zidisha, pima, rudia. Ukichoka, ingia kwenye Quirk, programu ya bure ya Craig Gidney inayofanya kazi ndani ya kivinjari: unaburuta mageti, unaona namba zinavyobadilika hapo hapo. Ila sheria yangu ni moja: kwanza kisia jibu kwenye karatasi, ndipo uburute.

Wiki ya saba na ya nane ni kyubiti mbili. Hapo utakutana na kufungamana. Unachukua kyubiti mbili zilizo 0, ya kwanza unaipitisha Hadamard, halafu unatumia geti linaloigeuza ya pili pale tu ya kwanza ikiwa 1. Unapata nusu ya uwezekano kwenye 00, nusu kwenye 11, na sifuri kwenye 01 na 10. Ukipima moja umeshajua nyingine. Mambo haya haya ndiyo yaliyowapa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022, kwa majaribio yao. Na hapana, huwezi kuitumia kutuma ujumbe kwa kasi kuliko mwanga. Dada mmoja wa mwaka wa nne Fizikia alinieleza hilo mara tatu, ya tatu ndiyo nikaelewa.

Wiki ya tisa na ya kumi ni Grover wa makabati manne, na ule mfano wa David Deutsch na Richard Jozsa wa mwaka 1992, ambao ni mfupi na mtamu. Shor muache kwanza. Peter Shor mwaka 1994 alionyesha jinsi ya kuvunja namba kubwa katika vigawo vyake tasa, ni kitu kizito na kitakuja chenyewe.

Wiki mbili za mwisho, andika kiigizi chako mwenyewe kwa Python. Ndiyo, chako. Mistari hamsini inatosha. Hapa najua wengine watanipinga watasema "si utumie Qiskit tu?" Mimi nasema hapana, bado. Ukianza na maktaba ya watu utajua kuita kazi zao, hutajua zinafanya nini. Kiigizi chako kikikubali, ndipo uweke Qiskit, ni bure, ilitolewa na IBM mwaka 2017. Angalizo moja litakalokuokoa usiku mzima: toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2024 na likaondoa vitu vingi vya zamani, kwa hiyo mifano mingi iliyozagaa mtandaoni inagoma. Si wewe mjinga, ni mfano umechacha. Angalia tarehe yake kwanza.

Vitabu? Kuna insha ndefu ya bure inaitwa Quantum Country ya Andy Matuschak na Michael Nielsen ya mwaka 2019, inakuuliza maswali unavyosoma na inakurudishia baada ya siku kadhaa usisahau. Nondo yenyewe ni ile ya Nielsen na Isaac Chuang ya mwaka 2000, kurasa zaidi ya mia sita. Hiyo msianze nayo. Nilianza nayo, nikaitumia kama mto wa kulalia.

Na laptopu yangu ni mbovu, je?

Hili swali ni zuri kwa sababu jibu lake lenyewe linakufundisha kwantamu. Kyubiti moja ina namba mbili. Mbili zina nne. Tatu zina nane. Kila ukiongeza moja, namba zinakuwa mara mbili. Kyubiti 20 ni namba 1,048,576, na kila namba changamano ikichukua baiti 16 unahitaji kama megabaiti 17 tu. Hata laptopu ya mtumba inaweza. Kyubiti 30 ni gigabaiti 17, hapo yangu inazima. Kyubiti 50 ni petabaiti 18, hapo inazima ya kila mtu hapa chuoni, ukumbi mzima wa kompyuta ukiuunganisha.

Ndiyo maana Richard Feynman mwaka 1981 alisema kama maumbile yenyewe ni ya kwantamu, basi tujenge mashine ya kwantamu ya kuyaigiza. Kwa mazoezi yako wewe unayeanza, kyubiti kumi ni nyingi mno. Na siku ukitaka mashine ya kweli, IBM waliweka ya kyubiti 5 mtandaoni mwaka 2016 mtu yeyote aijaribu, na mpaka sasa wana mpango wa bure wenye dakika chache. Utatuma saketi yako ya 00 na 11, na utashangaa kuona 01 na 10 nazo zimetokea mara kadhaa. Hayo ni makosa ya mashine. Chipu zao zinapoozwa karibu na nyuzi hasi 273, na bado zinayumba. Ni somo zuri kuliko slaidi yoyote.

"Sisi na kwantamu wapi na wapi?"

Hii ni kauli ya mwenzangu wa chumba, na wengi wenu mtaisema. "Kaka, hosteli haina maji tangu Alhamisi, wewe unaongelea nyuzi hasi 273." Nimemcheka lakini nimemfikiria, kwa sababu ana hoja. Ajira za kwantamu hapa nyumbani mimi sijaziona, na sitamdanganya mtu kwamba akimaliza wiki kumi na mbili ataitwa ofisini. Waliofanya hivyo walinila laki na nusu.

Majibu yangu ni mawili.

La kwanza, kufuli. Tovuti ya benki unayoifungua inalindwa na hesabu ambazo kwa kompyuta za kawaida ni ngumu kuzivunja, na Shor alionyesha kwamba kwa kompyuta kubwa ya kwantamu zinavunjika. Mashine hiyo haijajengwa. Lakini makadirio yanashuka: mwaka 2019 Gidney na mwenzake walikadiria zingehitajika kyubiti milioni 20 kuvunja ufunguo wa RSA wa biti 2048, na mwaka 2025 Gidney huyo huyo akashusha hadi chini ya milioni moja, kazi ya chini ya wiki. Marekani kupitia NIST walitoa viwango vya kwanza vya kufuli mpya Agosti 2024. Mifumo itabidi ibadilishwe dunia nzima, na ya kwetu pia. Ataibadilisha nani? Tutasubiri mgeni aje na projekta na ankara? Mtu anayeelewa kwa nini kufuli ya zamani inavunjika ana kazi ya kufanya hapa hapa, hata asipoiona kompyuta ya kwantamu maisha yake yote.

La pili, hakuna aliyetufungia mlango. Azimio la kuufanya mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwantamu lilipelekwa Umoja wa Mataifa na Ghana. Chuo cha Wits kule Johannesburg kiliingia ushirikiano na IBM mwaka 2019 kupata mashine zao. Hao ni Waafrika wenzetu, nao umeme unawakatikia. Na hata kwantamu yenyewe isipokulipa, ile aljebra uliyoikomalia ndiyo hiyo hiyo inayoendesha mashine za kujifunza, takwimu, na picha za kompyuta. Hujapoteza kitu. Cheti cha dhahabu ndicho kilichonipotezea.

Nimalizie. Dogo sikumpa hotuba yote hii. Nilimwambia tu, "Mdogo wangu, kabla hujalipa, nipe nusu saa." Nikachana karatasi kwenye daftari langu la takwimu, tukafanya Hadamard mara mbili. Akakosea alama ya kutoa, akarudia, ikakubali. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo paka yuko wapi?" Nikacheka mpaka machozi. Akaondoka na karatasi. Jioni akanitumia picha ya makabati manne, yote yamekaa sawa, kasoro wastani alikuwa ameuandika mara mbili.

Bumu halijaingia bado, kwa hiyo sijui ataamuaje. Hela ni yake. Ila kila Jumatano saa kumi na moja jioni nitakuwa pale pale kwenye kimbweta, na kalamu. Anayetaka kuanza aje na daftari, sapu za aljebra zinaruhusiwa. Hakuna ada wala cheti.

Na dada yangu, najua huwa unapita humu kusoma. Ile elfu sitini haikuwa ya ripoti. Nisamehe. Elfu ishirini nimeshakutumia asubuhi ya leo, iliyobaki naileta mwisho wa mwezi.

Kazi kwenu, wadau. Tuko pamoja.